Sauti Sita za Mashinisti

Alikuwa akikaa daima ameipa reli mgongo. Kiti chake cha chuma kilikuwa barazani, pale kwenye kambi ya wafanyakazi ya Panda, kimeelekea ukuta wa jirani ambao haukuwa na cha kutazama isipokuwa ukungu wa kijani. Wageni walidhani ni kiburi. Kumbe kwake yeye macho yalimharibia mtu masikio. "Ukiona treni, hausikie tena," alisema, na ukimbishia alifumba macho akakuacha ubishane na ukuta.

Tulimwita Mashinisti kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote, kuendesha treni za umeme kutoka Lubumbashi, kupitia kwetu Likasi, mpaka Kamina, ambako nyaya za umeme zinakoma na vichwa vya mazutu, yaani vya dizeli, vinapokea mabehewa. Jina lake la ubatizo nimeliandika mimi mwenyewe juu ya bahasha nyingi, na sitaliandika hapa.

Niseme ukweli mapema: sikumkaribia mzee huyu kwa upendo. Kulikuwa na kitu nilichokitaka kwake. Mama yangu alikuwa Mkasai, baba ni mtu wa Kapolowe, na mwaka ule Wakasai walipofukuzwa Katanga, vijana walikuja kuchora alama kwenye mlango wetu. Baba akadhani ni mambo ya wiki mbili. Akampeleka mama kituoni kwa mkono wake, akae na ndugu zake, moto ukipoa arudi. Sisi watoto tulihesabiwa kuwa wa baba, tukabaki. Mama alilala wiki tano kwenye sakafu ya kituo cha Likasi pamoja na maelfu ya wenzake, kisha akapanda behewa la mizigo katika treni iliyoendeshwa na Mashinisti. Hakufika kwao. Hakuandika wala hakurudi.

Kwetu, mtu ambaye kufa kwake hakujulikani hawekewi matanga. Kwa hiyo baba hakuwa mume wala mjane. Kila Jumamosi alitoa vitenge vya mama sandukuni akavianika juani visiliwe na wadudu, akavikunja tena, na hakuna aliyethubutu kumwambia aache. Miaka mitano nilikuwa na swali moja tu kwa Mashinisti: mama yangu aliishia wapi?

Jibu lake nalo lilikuwa moja. "Minye naishiaka Kamina. Kisha Kamina ni bantu ba mazutu. Uulize bale." Alilisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi zaidi.

Masikio yake yalikuwa sifa ya kambi nzima. Treni ikiwa bado mbali, sisi tunasikia mngurumo tu, yeye amekwisha kukuambia ni kichwa gani na nani amekishika. "Ventilateri ya kushoto inaumwa," alisema siku moja akinyoa ndevu, na kesho yake tukapata habari kwamba kichwa kile kimebaki Tenke, feni imeungua. Katika reli ile kila mashinisti alikuwa na namna yake ya kupiga honi akikaribia nyumbani. Mke wake akiisikia anatia sufuria ya maji motoni, ili mume akivuka mlango akute bukari, ugali wetu, inasongwa. Mwanamke hakuwasha moto kwa honi ya mwanamume mwingine. Hiyo ingeitisha kikao cha wazee. Honi yake Mashinisti ilikuwa moja ndefu, pumzi, mbili fupi. Mkewe alifariki zamani, kabla ya mabaya yote, lakini yeye aliendelea kupiga vilevile mpaka alipostaafishwa. Wanawake wa kambi walimtania kwenye bomba la maji.

"Papa Mashinisti, sasa ile sufuria iko kwa nani?"

"Iko mbinguni," akajibu. "Inachemkaka polepole."

Alipenda saa kuliko mtu yeyote niliyemjua. King'ora cha kiwanda kilipokoma kulia asubuhi, maana kiwanda chenyewe kilikuwa kimekufa, watu walitazama dirisha la Mashinisti: likifunguliwa ni saa kumi na mbili. Lakini misani alifika kila mara baada ya mahubiri, hata ukimpitia mapema. Alisema mahubiri ni kituo kidogo, treni ya haraka haisimami pale. Padri alicheka mara ya kwanza tu.

Saa sita kamili alikaa mezani kula. Mishahara ilipokatika, na nyumba nyingi zikawa zinakula mara moja kwa siku, na nyingine zikila leo na kuruka kesho, yeye hakubadili saa. Nilimkuta mara moja amekaa wima, kofia ya kazi ameivua, sahani iko mbele yake na haina kitu. "Karibu, mutoto yangu, tunakula," akasema. Nikakaa. Baada ya dakika ishirini akapangusa midomo akainuka. Nilikasirika sana. Wadogo zangu walikuwa na njaa nyumbani, na huyu mzee anaigiza njaa kama mchezo wa shule. Leo sina hakika kwamba alikuwa anaigiza.

Na kulikuwa na lile jambo la mlango. Mwaka ule wa kufukuzana, jirani mmoja alikwenda kwenye nyumba ya Mkasai aliyekwisha kukimbia, akang'oa mlango ili aupeleke kwake. Mashinisti akamsimamisha njiani.

"Urudishe mulango ya bantu."

"Papa, nyumba haiko na muntu!"

"Njo maana inaomba mulango."

Akamrudisha mpaka pale, akashika bisibisi mwenyewe, akaufunga mlango kwenye bawaba zake huku yule jirani ameushikilia. Wiki hiyohiyo akavaa kofia yake akaenda kuendesha treni iliyowabeba waliofukuzwa. Sikuweza kuviweka vitu hivyo viwili katika kichwa kimoja. Nilipomuuliza, alisema ametumwa kazi, na kama si yeye wangepewa kijana asiyejua milima ya Luena, na hao watu wote wangekufa kwenye kona. Huenda ni kweli. Lakini ni aina ya kweli ambayo mtu huitayarisha mapema.

Macho yake yalipoingia ukungu, akahitaji mtu wa kumsomea barua zake na kumwandikia majibu kwa Kifaransa. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, bila mshahara kama wenzangu wote, na jioni zangu zilikuwa tupu. Nikajitolea. Watu walisema nina moyo mzuri. Mimi nilijua ninachokivizia.

Barua zilitoka kwa Mzungu mzee, zamani mkubwa wa karakana ya vichwa vya treni, sasa amestaafu huko Namur. Huyo Mzungu alikuwa na kazi moja ya uzee, kutengeneza treni ndogo za kuchezea, sahihi kwa kila msumari, zinazokwenda juu ya reli za upana wa vidole viwili. Alikuwa ametengeneza kichwa cha umeme cha Katanga, kile chetu, na sasa alitaka kilie kama chetu. Ndani ya treni hizo huwekwa kibao kidogo kama ukucha wa kidole gumba, wao wanakiita dekoda. Kibao hicho hupokea amri kupitia reli, nenda, simama, washa taa, na kingine ghali zaidi hutunza sauti pia, na kuzitoa kwa wakati wake kupitia spika ndogo kama kifungo cha koti. Mzungu hakuyaamini masikio yake mwenyewe. Akauliza: dekoda ipi?

Posta ilikuwa imekufa kama kiwanda. Barua na kaseti zilipita mkononi mwa mapadri wa Kapolowe, na jibu lilichukua miezi. Kaseti ya kwanza ilikuwa na sauti za dekoda mbili. Tukaazima redio ya kwaya, tukaanika betri zake juani zipate nguvu, na Mashinisti akageuza kiti chake ukutani.

Ya kwanza hakuimaliza. "Hii ni mazutu. Inakohoa."

Ya pili ilikuwa ya umeme, safi, ya huko Ulaya, na mimi niliiona nzuri. Ilipopiga honi akatikisa kichwa. "Mubuzi."

"Papa, ni honi."

"Weye, masikio yako iko na nini? Hii ni mubuzi inaita mama yake. Na tena usikie, inanguruma na kuenda mara moja. Gari ya kweli inawazaka kwanza. Andika: sauti inatangulia gurudumu. Pumzi moja."

Nikaandika hivyo, pumzi moja, na Mzungu akaelewa. Alijibu kwamba ndani ya dekoda kuna namba ya kurekebisha jambo hilohilo. Akawa anarekebisha kule, anarekodi, anatuma, na huku kiti kinageuzwa ukutani. Fupi mno. Ndefu mno, "hii gari imelewa." Mwaka mzima wa pumzi moja! Nchi inaanguka, watoto wangu darasani wanasinzia kwa njaa, na mimi namwandikia Mzungu habari za kuchelewa kwa gurudumu la kuchezea. Lakini nakiri kwamba kufikia hapo nilikuwa nasikia tofauti, na nilikuwa nangojea barua.

Kisha Mzungu akatuandikia habari za dekoda ya tatu, isiyo na kitu, ya kujazwa sauti zako mwenyewe, ila nafasi yake ilikuwa ndogo. Sauti sita, basi. Mashinisti akachagua hiyo bila kusita, na kazi ikawa kuzipata hizo sita kutoka kwa kichwa chenyewe. Kilikuwa kimebaki kimoja cha aina ile kinachopita Likasi, bila ratiba, na tulikingojea siku tisa kituoni na redio ya kwaya mapajani. Aliyekiendesha, kijana aliyekuwa mwanafunzi wa Mashinisti, akakubali kutusaidia. Tukarekodi ule mkono wa juu unaoinuka na kugonga waya. Tukarekodi pampu ya hewa, kisha ventilateri, kisha mngurumo wa kuondoka. Tukarekodi magurudumu yanavyoruka maungio ya reli. Mwisho Mashinisti akapandishwa ndani, akapiga honi kwa mkono wake. Ndefu, pumzi, mbili fupi. Watu waliokuwa wakiuza mihogo pale kituoni wakanyamaza.

Mzungu alifurahi, ila akauliza kitu. Maungio ya reli, alisema, yanaweza kuachwa, kwa sababu treni ndogo yenyewe hugonga kidogo. Badala yake aweke breki. Kila mtu anapenda kusikia breki zikilia treni inapoingia kituoni. Nilimsomea Mashinisti polepole.

"Andika: breki apana."

"Kwa nini, papa?"

"Ni kitu kidogo vile. Itasimama yenyewe."

Mzungu akauliza tena katika barua iliyofuata, kwa adabu, na jibu likawa lilelile. Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Nilikuwa nimeandika barua kumi na nne kufikia hapo, na katika kila moja nilitafuta pa kupenyezea swali langu, na kila mara niliishia Kamina.

Sanduku lilifika kwa gari la mapadri, mwisho wa masika, mchana. Ndani mlikuwa na kichwa cha treni, kijani na manjano, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka vidole, na reli za mita mbili, na kisanduku cha kuongozea chenye kitufe cha kuzungusha. Nikapanga reli juu ya meza ileile ya saa sita. Umeme ulikuwepo. Mashinisti akaniomba nigeuze kiti.

Nikazungusha kitufe. Mkono ukagonga waya. Pampu ikaanza kutwanga, ventilateri ikaamka, mngurumo ukapanda, na kwa pumzi moja hakuna kilichotembea. Kisha magurudumu. Mimi mwenyewe niliipenda sauti ile, na nilijichukia kwa hilo, maana ni sauti hiyohiyo iliyomchukua mama.

"Njo yenyewe," akasema. "Njo yenyewe kabisa."

Reli zilikuwa zinaisha. Nikarudisha kitufe, na kile kichwa kikasimama. Mngurumo ulikatika, maungio yakanyamaza, basi. Kilikuwa kinakwenda, sasa hakiendi. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonipandisha hasira.

"Papa, treni gani inasimama bila breki kulia?"

Nilipokuwa karibu kufunga sanduku, aliuambia ukuta.

"Ile ya mama yako. Haikulia."

Nikakaa.

"Minye njo nilimupandisha," akasema. "Behewa ya kwanza, nyuma yangu, ili nimusikie. Baba yako ni jirani yangu, nilisema nitamuchunga. Kisha Tenke, mu milima, bakaanza kupiga chuma. Ngumi. Kisha sufuria. Muntu moja analia: mama wa Panda ameanguka! Mama wa Panda!"

"Ulisikia?"

"Nilisikia. Weye unaijua masikio yangu."

"Na breki?"

"Mukono yangu ilikuwa pale ku breki. Kulikuwa basoda babili na minye, na bunduki. Balisema tusisimame mpaka Luena, ku ile milima kuko bantu banangojea na mawe. Basoda habakunikamata mukono, mutoto yangu. Balisema tu. Minye njo sikuvuta."

Nje kulikuwa na mtoto anaburuta ndoo kwenye saruji. Ilibidi ningoje apite.

"Siku ya tatu nilirudi na mabehewa tupu. Pale nikasimama. Bantu ba kutengeneza njia ya reli balinisaidia kuchimba. Iko karibu na daraja moja kidogo, mukono ya kuume ukienda Luena. Niliweka kipande ya reli pa kichwa. Nilisali, ile yote najua."

Hivyo ndivyo nilivyopata nilichokivizia miaka mitano. Ningeweza kuondoka hapo. Lakini swali jingine lilikuwa limekwisha kutoka.

"Alikufa palepale alipoanguka?"

"Hapana. Alikuwa amejivuta. Toka ku reli mpaka ku kivuli ya poto ya nyaya ya umeme. Ni kama toka hapa mpaka kwenu."

Nyumba yetu ilikuwa ya nne kutoka kwake.

"Kwa nini hukusema?"

"Ile ya kwanza ningesema. Niliogopa utauliza hii ya mwisho."

Nilitaka kuchukua ile treni niipige ukutani mbele ya uso wake. Nilimchukia kwa moyo wote, na nilimwonea huruma, na huruma ndiyo iliyoniuma kuliko chuki. Mikono yangu ikafanya ilichozoea: ikachomoa waya kama barua ilivyoagiza, ikafunga kile kichwa kwenye karatasi yake, ikafunika sanduku. Sikumuaga.

Ilikuwa Jumamosi. Baba alikuwa uani anageuza vitenge upande wa pili. Nikamwambia asimame kwanza, kisha nikamwambia akae. Nikamwambia mama amekufa, tangu safari ileile, milimani, kabla ya Luena. Alianguka kutoka kwenye behewa. Mashinisti na watu wa reli wamemzika kando ya njia, karibu na daraja, na pana chuma kichwani pake. Baba alisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kitenge kimoja. Hakulia bado. Aliuliza jambo moja.

"Treni ilisimama?"

Sijawahi kumdanganya baba yangu, kabla ya siku ile wala baada yake.

"Ilisimama, papa."

Ndipo akalia. Alilia vizuri, kwa sauti, kama mtu aliyeruhusiwa, na majirani wakaingia, na mikeka ikatandikwa. Lakini kwetu matanga hayaanzi kabla ya kumshukuru aliyemzika mtu wako ugenini. Baba akaoga, akavaa koti lake la arusi. Tulikuwa na kuku mmoja, jike, anayetaga, na ndiye aliyewalisha wadogo zangu mayai. Akamshika miguu, akaniambia nifuatane naye.

Mashinisti alikuwa barazani. Aliposikia hatua zetu aligeuza kiti, akatutazama kwa macho yake ya ukungu. Baba akapiga goti moja, mzee mbele ya mzee.

"Ndugu yangu," akasema, "mutoto ameniambia. Ulisimamisha treni nzima, na basoda ndani, sababu ya bibi yangu."

Mashinisti akaelekeza uso kwangu. Nilimtazama tu, na najua aliniona, hata kwa macho yale.

"Bengine bangepita tu," baba akasema.

"Ndiyo, ndugu," Mashinisti akajibu. "Bengine bangepita."

Akanyoosha mikono yote miwili, akampokea kuku.